Mzee Aliyeanza Kufupika

Gari la polisi lilikuwa na magurudumu matatu, la nne lilipelekwa kuzibwa tangu Septemba na halijarudi, kwa hiyo Inspekta Wivine alifika hotelini kwa miguu, saa mbili asubuhi, vumbi jeusi la Goma likiwa limempanda mpaka magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mnene wa kutosha kuheshimiwa, na kwapani alibeba kile kilichobaki cha polisi ya upelelezi: karatasi kumi na mbili za PV, za kuandikia maelezo ya kesi, na kalamu moja ya bic.

Langoni alikuta gari la kijeshi, na Kapiteni Élisée amekaa juu ya boneti anakula ndizi.

"Mama Inspekta," kapiteni alisema, "nakupa mpaka saa sita. Ikifika saa sita, ule mwanamuke napakia."

"Saa sita ya nani, mon capitaine? Ya saa yako ama ya tumbo yako?"

"Ya saa yangu."

Wivine alimshika mkono akaisoma ile saa. "Iko mbele dakika kumi. Zile dakika ni zangu."

Askari watatu walicheka nyuma ya gari. Kisha mzinga ukalia upande wa Kibumba, wakakumbuka vita walivyokuwa wakingoja, wakashika bunduki zao.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumatatu jioni mfanyabiashara wa maharage kutoka Kiwanja, jina lake Léopold, alichukua chumba namba saba. Jumanne alfajiri, Nyiransabimana, mwanamke wa kutandika vitanda, alimpelekea maji ya moto akakuta kitanda kimetandikwa, viatu vya mgeni viko chini ya kitanda, na mgeni hayupo. Leo Ijumaa. Léopold hakuonekana mpakani, wala ziwani, ambako askari walipanga mstari ufukweni tangu wiki iliyopita. Na kabla yake, wageni wawili waliolala chumba hichohicho waliondoka asubuhi kuelekea Rutshuru, wakasimamishwa Kalengera na watu wenye bunduki waliojua majina yao, gari lao na saa yao. Hawakufika.

"Mu hii hoteli kuna mutu anatuma majina kwa waasi," kapiteni alisema. "Waasi beko Kibumba. Ule mwanamuke wa vitanda ni wa Kibumba. Sasa unatafuta nini tena?"

"Natafuta Léopold," Wivine alijibu. "Hata weye ungepotea, ningekutafuta. Pengine si mbio, lakini ningekutafuta."

Mji mzima ulilijua gari lile. Waliopanda nyuma yake, hakuna aliyewaona wakishuka.

Hoteli ilijengwa na Mswisi mmoja, mtengeneza jibini wa Masisi, aliyeshikwa na hamu ya kwao. Aliijenga kwa mbao tupu, akachonga vimoyo kwenye vibaraza, akaweka paa lililoinama kama mwanamke anayepalilia, ili theluji ipate kuteleza. Theluji haikuja. Mwaka 2002 mlima wa volkano ulilimwagia paa lile majivu badala yake, yakateleza vizuri sana, lakini Mswisi hakuwepo kufurahi. Alikuwa amekimbia vita vya 1996 na kumwachia kila kitu msimamizi wake, Édouard. Aliacha meko ya ukutani, mablanketi mazito ya manyoya ya bata, kengele ya ng'ombe mlangoni, na picha kubwa ya kijiji chao cha milimani iliyofunika ukuta mzima wa sebule. Kijiji kizuri. Moshi kwenye kila dohani, taa na maua mekundu kwenye kila dirisha, na mtu hakuna hata mmoja. Wivine aliitazama muda mrefu, akajiuliza ni nani aliyewasha mioto yote ile.

Kengele ya ng'ombe ikalia mlangoni. Haikuguswa na mtu.

"Ni mulima unajigeuza," sauti ilisema nyuma yake. "Kila asubuhi. Bageni banaogopa, siye tumezoea."

Huyo ndiye Édouard: miaka sitini, tai nyeusi, nywele zimechanwa kwa maji, na sauti ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Alipopita mezani alinyoosha kitambaa. Alipopita kitini alisogeza kiti. Wivine alimfuata mpaka mwisho wa ukumbi, chumba namba saba, kilichokuwa chini, usawa wa bustani.

Kilikuwa chumba cha kumtamanisha mtu kuugua kidogo ili alale. Ukuta wa mbao ulinukia nta. Kitandani blanketi la manyoya lilikunjwa mara tatu, likakaa katikati kama mkate kwenye sahani. Chini ya kitanda, viatu vya Léopold vilielekea ukutani, visigino sambamba, kamba zimefungwa mafundo mazuri.

"Kamba zimefungwa," Wivine alisema. "Huyu alitoka ndani ya viatu namna gani? Aliruka juu?"

Édouard alishusha sauti zaidi. "Mama, miye nasema ni mazuku."

Mazuku kila mtu wa Goma anaijua: ile hewa mbaya inayotoka ardhini bila rangi wala harufu, inajaa mabondeni, na mbuzi akiinamisha kichwa hainui tena.

"Mazuku inaua mutu," Wivine alikubali. "Lakini haimubebe. Na sijasikia mazuku yenye kutandika kitanda."

"Basi angalia huku."

Alifungua dirisha. Chini yake kulikuwa na kitalu kirefu kilichozungushiwa mawe, kimoja kati ya vingi vilivyozunguka nyumba, vyote vimejaa maua mekundu kama kule kwenye picha. Vyote, isipokuwa hiki. Maua ya chini ya chumba namba saba yaliinama yote upande mmoja, majani yamekauka kingo kama karatasi iliyopita karibu na moto.

"Tangu Jumatano," Édouard alinong'ona. "Wafanyakazi habapite tena hapa. Banasema kuna mutu anakalia maua."

"Huu udongo munatoaka wapi?"

"Kibumba, kwa gari. Hapa ni jiwe tupu, Mama, unajua. Lakini mambo ya udongo, uliza Munyaneza, muzee wa fromage, mwenye kutunza jibini. Bustani pia ni yake. Miye najua bageni tu."

Wivine aliandika: *Udongo. Munyaneza.* Halafu akaomba ufunguo wa chumba cha kufulia.

Nyiransabimana alikuwa amefungiwa humo tangu Jumanne. Alikaa kwenye saruji, mgongo ukutani, katikati ya marundo ya shuka safi ambazo hakugusa hata moja. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, na macho ya mtu asiyelala.

"Mama, ni saa ngapi?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Saa tatu. Ulikuta nini mule?"

"Kitanda. Kimetandikwa."

"Si kazi yako kutandika?"

"Njo maana niliogopa. Miye sitandikake vile. Miye nabana blanketi chini ya godoro pande zote, ngumu, sawa banafunga mutoto mugongoni. Ile ya kukunja tatu ni ya zamani, ya muzungu. Miye niko hapa miaka ine tu, niliisikiaka kwa midomo ya bantu."

"Nani alifundishwa na muzungu?"

"Muzee Munyaneza. Na Papa Édouard. Bengine balishakufa." Alimeza mate. "Jikoni banasema njo bale benye kufa balitandika."

"Benye kufa beko na kazi mingi. Kulikuwa kitu ingine?"

"Mito. Kila kitanda iko na mito ine. Mule nilihesabu tatu."

"Uliambia kapiteni?"

"Kapiteni hakuuliza mito. Aliuliza Kibumba."

Wivine aliandika *mito mitatu* akapiga mstari chini yake. "Na Léopold, Jumatatu, alikuambia nini?"

"Aliniuliza kama nakumbuka ndugu yake. Alilalaka mule mwezi wa tisa, njo mumoja wa bale ba Kalengera. Nikasema ndiyo, namukumbuka, alisahau sabuni yake. Akalia, Mama. Mwanaume mukubwa, akalia juu ya sabuni. Akasema hakuja kulala, alikuja kuuliza."

"Kuuliza nani?"

"Hakusema. Nilienda jikoni nikahadisia bote. Balikuwa balikaa kula." Kisha akauliza lile aliloliogopa. "Saa sita bananipeleka wapi?"

Inspekta alifunga bic yake. "Bado niko na masaa tatu, mwanangu. Na dakika kumi za kapiteni."

Wivine alimkuta Munyaneza nyuma ya hoteli, amekaa nje ya mlango mdogo wa mbao uliojengwa mdomoni mwa pango la lava. Humo ndani ndimo Mswisi alimowekea jibini zake, kwa sababu pango lile lilikuwa na ubaridi wa kwao. Mzee alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, miaka sabini, kofia ya sufi kichwani, na kiganja cha kushoto kimefungwa kitambaa chenye damu. Alipomwona afisa wa polisi alianza kutetemeka mpaka ufunguo wa shingoni ukagonga vifungo vya shati lake.

"Mukono umefanya nini, Muzee?"

"Kisu ya fromage."

"Ufunguo wa hapa ni ule wa shingoni?"

"Ndiyo. Kuna ingine kule réception, inaninginia ukutani. Kila mutu anaweza kuichukua."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Sake, kwa dada yangu. Mabomu yalianguka asubuhi, Papa Édouard akatupa bote congé, turudi kwetu. Yeye alibaki kulinda. Na huyu mwanamuke ndani, alikuwa alishafungiwa."

"Udongo wa maua uliletwa lini?"

"Udongo gani? Barabara ya Kibumba imefungwa siku nane, Mama. Hata viazi haipite, udongo utapita?"

Majibu yalikuwa sawa, lakini mzee alizidi kutetemeka. Wivine alikuwa ameona wauaji wanaotetemeka hivyo. Alikuwa ameona pia watu wenye malaria. Alikaa kwenye jiwe karibu naye, akangoja.

"Mama Inspekta," Munyaneza alisema mwishoni, "niandike. Wa kwanza ni ndugu ya Léopold, wa pili ni ule mwenzake, wa tatu ni Léopold. Wa ine ni miye."

"Unaenda wapi?"

"Ninapotea. Polepole. Nimeanza kufupika."

Bic ya inspekta ilisimama. "Kufupika namna gani?"

"Mutu anafupikaka namna gani? Anakuwa mufupi!" Mzee alivua kofia akamwonyesha utosi: sufi imelika ikabaki tundu, na chini ya tundu ngozi ilikuwa ngumu kama kisigino. "Miaka makumi tatu na moja naingia mule. Kuna boriti moja katikati. Kila siku inanigonga hapa, kila siku. Hata nikiinama inanipangusa. Muzungu alikuwa anacheka, anasema boriti inanisalimia. Jumatano nilirudi toka Sake, nikaingia, nikaosha fromage, nikatoka. Haikunigonga. Nikasema, labda niliinama sana. Alhamisi nikaingia wima kabisa, Mama, wima sawa askari. Nikapita chini yake. Leo pia. Iko juu yangu sasa, hainijue tena." Machozi yalimjaa. "Baba yangu alipokaribia kufa alifupika pia, lakini ilichukua miaka. Miye ni siku moja."

Wivine alijinyanyua kwenye jiwe. "Twende nione," alisema.

Munyaneza aliwasha mshumaa, akaushusha kwanza mpaka chini kwa kamba, kuona kama mazuku itauzima. Haikuuzima. Waliingia. Ubaridi uliwakamata shingoni kama mkono wa mtu aliyetoka kufua. Rafu zilisimama pande zote, na juu yake jibini za mviringo, za manjano, mamia, kimya kama vichwa vya watu kanisani. Mahali fulani maji yalidondoka. Mzee alisimama chini ya boriti na kunyooka. Kati ya kofia na mti kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja kilicholala.

"Unaona!" sauti yake ilirudi kutoka kila ukuta.

Wivine aliuchukua mshumaa, akainama. Hakutazama juu hata kidogo. Alitazama miguu ya rafu. Juu ilikuwa mikavu na myeupe kwa chumvi. Lakini chini, upana wa kiganja kimoja, mti ulikuwa mweusi na mbichi kama ufizi, na vipande vya udongo bado vimeushikilia. Ukutani mstari huohuo ulizunguka pango lote.

"Muzee, hapa chini ni jiwe?"

"Jiwe. Muzungu alimwaga udongo juu ili sakafu ikae sawa."

"Na munaosha fromage na nini?"

"Maji ya chumvi. Kila siku, kila moja, na burosi. Yale yanabaki yanadondoka."

"Miaka ngapi?"

"Makumi ine."

Inspekta Wivine alichovya kidole sakafuni, akakiweka mdomoni. Kisha akatoka, akazunguka nyumba, akafika kwenye kitalu cha maua yaliyoinama, akachukua udongo mwingine, akaonja tena.

Dirisha la ofisi lilifunguka. "Mama Inspekta!" Édouard aliita. "Unakula udongo?"

"Niko na mimba, Papa," Wivine alijibu. "Unajua siye banamuke tukiwa na mimba."

Dirisha lilifungwa polepole. Munyaneza alisimama nyuma yake, hajaelewa bado.

"Muzee, ule udongo wa pango, ungeuweka kwenye maua?"

"Miye? Hata kichaa! Ni chumvi tupu ile, hata magugu haiwezi."

"Nani angeuweka?"

Mzee alifikiri. "Mutu mwenye anakula fromage tu. Mwenye hajaosha hata moja."

"Vaa kofia yako," inspekta alisema. "Haujafupika. Sakafu njo imeshuka."

Saa tano na nusu wafanyakazi wote walikuwa bustanini, mbali kidogo, na askari wawili wa kapiteni wameshika majembe. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, hoteli ikabaki paa bila kuta. Édouard alisimama ubarazani.

"Mutaharibu maua," alisema.

"Yameharibika," Wivine alisema. "Chimbeni polepole. Hamutafika mbali, jiwe liko karibu."

Kweli hawakufika mbali. Pigo la tatu la jembe lilikutana na kitu laini, na askari akaruka nyuma. Ilikuwa soksi. Ya kijivu, na mguu ndani. Waliendelea kwa mikono. Léopold alikuwa amelazwa juu ya jiwe lenyewe, upana wa mkono tu chini ya mizizi, uso umefunikwa na mto mweupe uliopasuka. Harufu ya jibini ilikuwa imeificha harufu yake siku tatu nzima. Walipouinua mto, manyoya yalitoka. Yalipanda juu kwanza, mengi, meupe, yakazunguka ndani ya ukungu bila sauti, kisha yakaanza kushuka juu ya mabega ya askari, juu ya maua, juu ya kofia ya Munyaneza. Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja wa jikoni alipiga ishara ya msalaba, na askari mdogo kuliko wote akakinga kichwa chake kwa mikono miwili, kana kwamba yanaweza kumuumiza.

"Leteni kitu cha kumufunika," Wivine alisema.

Walileta mbio blanketi kutoka chumba namba saba, wakamtupia marehemu ovyo, upande mmoja ukaburuta matopeni. Wote walikuwa wakitazama manyoya. Wivine alitazama mikono ya Édouard. Édouard alishuka ubarazani, akakaribia, akainama. Alilivuta blanketi lile likanyooka. Akakunja upande huu, akakunja upande ule, akalilaza katikati ya kifua cha marehemu, mara tatu, safi kabisa, kama mkate kwenye sahani.

Aliponyanyuka alikuta watu wote wanamtazama yeye.

"Muzungu alikufundisha vizuri," Wivine alisema.

"Ni mazoea tu."

"Najua. Hata kamba ya viatu ni mazoea. Jumatatu ulimubana na muto, ukamupitisha dirishani. Ziwa lilikuwa na askari. Kuchimba, jiwe. Kununua udongo, Kibumba imefungwa. Jumanne ukafukuza bantu bote, huyu mwanamuke ukamufungia, ukakaa peke yako na toroli. Nje ya maua, nyumba hii yote ilikuwa na udongo mahali pamoja tu. Bahati mbaya ulichukua ule wenye chumvi."

"Munyaneza ana ufunguo," Édouard alisema kwa sauti ileile ya karibu na mgonjwa. "Munyaneza anajua kukunja."

"Munyaneza anajua chumvi."

Wivine alipiga magoti, akaivua soksi ya kijivu. Watu wanaofanya biashara kwenye njia ya Rutshuru hawaweki karatasi mfukoni, kwa sababu kila kizuizi kinaanza na mifuko. Ndani ya soksi, chini ya nyayo, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa ndogo, yenye matope makavu. Aliifungua mbele ya kapiteni.

"Hii ni fishi ya mugeni, ya kumuandikisha. Jina la ndugu ya Léopold, chumba namba saba, gari yake, saa ya kutoka, njia ya Rutshuru. Mwandiko ni wa gérant, wa musimamizi huyu. Mon capitaine, hoteli inaandika fishi tatu: nyeupe ya polisi, nayo nilipokea, ya buluu ya uhamiaji, ya manjano inabaki hapa. Hii iko na rangi gani?"

Kapiteni aliigeuza huku na huku. "Haina rangi. Ni karatasi ya daftari."

"Njo ya ine. Ya ine ilikuwa ya nani, Papa Édouard?"

Mzinga ulilia, karibu zaidi kuliko asubuhi. Édouard alitoa unyoya mmoja kwenye mkono wa koti lake, akatafuta pa kuuweka, akaushika tu.

"Alinionyesha ile karatasi usoni," alisema. "Akasema aliitoa kwenye mwili wa ndugu yake, waasi baliiacha pale. Nyuma niliitafuta mu mifuko yake, sikuiona. Balinitumia neno, Mama, mwezi wa nane: majina ama moto. Nyumba ya mbao! Kiberiti moja tu. Miaka kumi na sita naichunga, hakuna hata kioo kimevunjika. Muzungu akirudi, angekuta kila kitu mahali pake."

"Na huyu mwanamuke?"

"Aliambia bote habari ya ile sabuni." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alibadilisha shuka. "Ilibidi mutu awe na kosa."

Polisi haikuwa na pingu. Walimfunga mikono kwa tai yake mwenyewe, wakamkalisha sebuleni chini ya picha, na Munyaneza akapewa kiti cha kumlinda, akakaa wima sana.

Kapiteni Élisée alitazama saa yake. "Saa sita," alisema. "Huyu napakia."

"Hapana. Huyu anaenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na PV yangu, kwa miguu, mbele ya bantu."

"Mama, niliambia bakubwa naleta mutu! Siwezi kurudi na gari tupu."

"Nani amesema tupu?" Wivine alionyesha bustani. "Mutu ndiye ule. Muchukue mpaka morgue, nyumba ya maiti, na kwenye mashimo muende polepole, amechoka."

Askari waliinamisha vichwa wasionekane wanavyokunja midomo. Kapiteni alikuja karibu, akasema kwa chini: "Unanikatalia mbele ya askari wangu?"

"Nakukatalia juu ya kitu kimoja. Miye napokea fishi za kila hoteli ya huu muji. Mutu akilala, najua, akitoka, najua. Lakini benye wanapanda gari yako, sijapokea fishi yao hata moja." Alimpa bic. "Weka sahihi hapa. Nimeandika: amepokea maiti, moja. Mutu muzima, hakuna."

Kapiteni alichukua bic. Kule Kibumba mizinga ilifuatana, mitatu, minne, na dereva wake alikuwa ameshawasha injini bila kuambiwa. Aliweka sahihi. Walimpakia Léopold na blanketi jingine, gari likaingia kwenye ukungu, likabaki sauti, kisha hata sauti ikaisha.

Wivine alifungua chumba cha kufulia. Nyiransabimana alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amefunga kitambaa cha kichwa vizuri, kama mtu anayetaka kukutwa yuko tayari.

"Ni saa sita?"

"Saa sita imepita. Gari imeenda. Jina lako haliko ndani yake, wala kwenye karatasi yoyote ya askari. Enda nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani ni Kibumba," Nyiransabimana alisema.

Inspekta alisogea mlangoni kumpisha. Mwanamke alitoka akaingia ukumbini. Wafanyakazi walisogea ukutani kumpisha, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwambia pole. Alipita jikoni, akapita sebuleni bila kugeuza kichwa, akaenda mpaka mwisho, akasukuma mlango wa chumba namba saba. Alifungua kabati akatoa blanketi la akiba, zito, jeupe. Hakulikunja, hakulibana. Alipanda kitandani na vumbi la siku tatu, akalivuta mpaka kidevuni, akafumba macho. Kisha akainuka tena, akaja mlangoni, akachukua ufunguo wa nje, akaufunga mlango kwa ndani, mara mbili.

Wivine alivuta kiti, akakaa mbele ya mlango ule, karatasi za PV magotini. Wafanyakazi walikuja mmojammoja kwa ncha za vidole, wakasimama mbali, wakitazama mlango.

"Mama," mpishi alisema, "analala *mule*? Peke yake? Mule hakuna mutu anayeweza kulala!"

"Sema polepole," inspekta alimwambia. "Mugeni amelala."